Sauti ya Aabo Kwenye CD

Miaka ile nilikuwa na duka la kompyuta karibu na soko la Garissa, na kazi iliyoniletea wateja wengi ilikuwa kuchoma CD, yaani kuandika sauti au picha juu yake kwa mashine. Watu walileta mawaidha, kisomo cha Kurani, picha za harusi. Nilikuwa na mashine tatu, na moja tu ndiyo iliyokuwa na kifaa cha kuchomea.

Baba yangu aliletwa kutoka Wajir akiwa mgonjwa wa figo. Alikaa kwangu karibu miezi miwili akienda hospitali na kurudi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ngamia, na katika visima vya kwao alijulikana kwa nyimbo za kuteka maji, zile ambazo mtu huimba huku ndoo ikipanda na kushuka ili mikono isichoke. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Habaswein, alinipigia simu akasema, "Walaal, ndugu yangu, mrekodi aabo. Wewe ndiye mwenye mashine."

Basi alasiri moja nikaweka kinasa sauti juu ya mto, mbele yake. Aliimba akiwa ameegemea ukuta, akipumzika kila baada ya wimbo. Nyimbo zilipokwisha hakunyamaza. Alianza kumzungumzia mama, ambaye alikuwa ameaga dunia tukiwa bado wadogo, na ambaye baba hakuwa na kawaida ya kumtaja. Mimi nilikuwa nimekodolea macho taa nyekundu ya kinasa sauti, nikiogopa betri isije ikaisha.

"Aabo, unasikia?" aliniuliza. Kwetu baba humwita mtoto wake kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Nilimwashiria kwa mkono aendelee.

Kesho yake nilihamishia sauti kwenye kompyuta na kufuta kinasa sauti, kwa sababu kilikuwa cha kuazima. Kisha nikaanza kuchoma CD ya dada. Duka lilikuwa limejaa. Kwenye mashine ile ile mteja mmoja alikuwa akifungua picha zake nyingi, programu ya kuzuia virusi ilikuwa ikipekua faili, nami nilichagua kasi ya juu kabisa ili nimalize haraka.

Mtu asiyeijua kazi hii huenda asione kosa. Kifaa cha kuchomea hakisubiri. Kina akiba ndogo ya data, tuliyoiita bafa, na kompyuta inapaswa kuijaza bila kukoma, kwa sababu mwali wa leza unaandika bila kukoma. Kompyuta ikilemewa na kazi nyingine, bafa inakauka, mwali unakosa cha kuandika, na CD inaharibika pale pale. Haiwezi kurekebishwa.

Niliyajua hayo yote. Ujumbe ulitokea kwenye skrini wakati mteja wa picha akiniuliza jambo, nikaubofya ukaondoka kabla sijausoma. Niliijaribu CD kwa wimbo wa kwanza. Sauti ya baba ilitoka safi, hata kikohozi chake kilisikika. Nikaifunga kwenye karatasi, nikampa dereva wa gari la Habaswein. Jioni hiyo harusi moja ilihitaji nafasi kwenye diski, nikafuta faili za baba.

Baba alirudi Wajir, na baada ya wiki tatu alifariki.

Dada alikuja na CD matangani. Hakuwa ameisikiliza hata mara moja. Redio yao ya CD ilikuwa imeharibika. Tuliiweka kwenye redio ya mjomba, wanawake wakakaa kimya. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha katikati ya wimbo wa nne ikasikika tiki, tiki, halafu kimya.

"Endelea," dada aliniambia.

"Imeishia hapo, abaayo," nilimjibu dada.

"Haijaisha. Uliniambia aliongea juu ya mama."

Nilibeba ile mashine hadi Nairobi kwa fundi wa kurudisha faili zilizofutwa. Aliitazama siku mbili, akaniambia video ya harusi imeandikwa juu ya faili za baba. Aliniomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Tangu hapo nilichoma CD kwa namna moja tu. Nilihamishia kwanza kila kitu kwenye diski ya kompyuta, sikuchoma moja kwa moja kutoka mahali pengine. Nilifunga programu zote, nikazima ile ya virusi, nikachagua kasi ya chini, na nikakaa mbele ya mashine bila kuigusa mpaka imalize. Baadaye niliisikiliza CD yote, mpaka mwisho, na faili sikuifuta mpaka mwenyewe aniambie amesikia. Wateja walilalamika kwamba nimekuwa mzito. Wengine walihamia duka la jirani, na sikuwalaumu.

Siku hizi hakuna anayeniomba CD. Najazia watu fomu za serikali mtandaoni na kuchapisha barua. Dada bado hunipigia, na kila baada ya miezi kadhaa huniuliza tena: aabo alisema nini juu ya mama? Mimi nilikuwepo, nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, na nimebaki na jambo moja tu. Ramadhani iliyopita nilimwambia tena. Baba alisema mama ndiye aliyejua maneno ya nyimbo sawasawa, na kwamba yeye baba alipokosea pale kisimani, mama alikuwa akimsahihisha mbele ya watu.

"Alicheka aliposema hivyo?" dada aliuliza.

Nilijaribu kukumbuka. Nikamwambia sijui, sikuwa nikimtazama.

Akaniuliza kama mvua imeshafika Garissa.