Shahidi wa Kiwanja cha Mlimani

Juzi, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu katika ofisi ya kijiji huko Liuli, kando ya ziwa, mzee mmoja aligoma kutia sahihi. Dada yake alikuwa anauza kiwanja cha mawe mlimani, na ndugu lazima ashuhudie. Walipogawana urithi, kaka alijichukulia ufukwe. Ziwa likapanda, likameza nyumba yake, na sasa wanunuzi wote wanataka mlimani.

“Mlima ule nilikupa mimi,” alisema, akiisukuma karatasi kando.

“Ulinipa, kaka. Ulisema nikachungie mbuzi.”

Akatia sahihi huku ametazama ukuta. Nikawaza, wivu gani huu kwa mtu mzima. Kisha nikamwona mnunuzi akikunja karatasi yake taratibu, nikamchukia pale pale. Kiwanja hicho niliwahi kuonyeshwa mimi, nikakikataa kwa kuwa kiko mbali na maji.