Kiwiko Nilichokishuku

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikimkodolea macho mkunga, na sikatai. Kwa hivyo rafiki yangu alipoacha mazoezi kwa sababu ya kiwiko nilichokivunja mimi mwenyewe, badala ya kumhurumia, nilianza kumpeleleza.

Ilikuwa Kitengela, mwaka ule wa mvua za El Nino. Tulifanyia judo katika ukumbi wa kanisa, juu ya magodoro makuukuu yaliyofunikwa turubai. Mimi nilikuwa mtoto wa karani aliyehamia kutoka Kakamega. Yeye alitoka kwa wafugaji wa Mashuuru na alikuwa akikaa mjini kwa shangazi yake. Uzito wetu ulilingana, na nafasi ya kwenda mashindano ya Nairobi ilikuwa moja tu. Kocha akatupambanisha. Hata hilo nililishuku, nikadhani anataka kunitoa kwa adabu.

Nilimwangusha, nikaubana mkono wake kati ya mapaja yangu, nikaanza kuuvuta. Katika judo, aliyezidiwa hupiga mkeka mara mbili, na mwenzake humwachilia papo hapo. Hakupiga. Nilimtazama usoni, hakupepesa jicho. Kisha kiwiko kikalia kama kuni kavu.

Alifungwa plasta hospitalini Kajiado. Nairobi nikaenda mimi, nikatolewa raundi ya kwanza.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikataa kunyooka. Hivyo ndivyo alivyosema. Lakini mwenzetu mmoja wa klabu akaniambia alimwona soko la mifugo akipakia mbuzi kwenye pikapu kwa mikono miwili. Ahaa! Kumbe anajifanya kilema ili mimi nionekane katili. Shangazi yake naye alikuwa ameacha kuitikia salamu zangu dukani. Nikaunganisha hili na lile, nikaona njama nzima, na nilikasirika kwelikweli.

Jumamosi moja nikaenda Mashuuru, alikokuwa amerudi kwao, bila kumwarifu, nimebeba sukari na majani ya chai kama mtu mwema. Sikubisha hodi. Nilisimama nyuma ya ua wa miiba nikachungulia. Alikuwa peke yake, akiburuta matawi kuziba pengo la boma. Aliburuta kwa mkono wa kushoto. Tawi moja likanasa, akajaribu kulishika kwa wa kulia, lakini mkono ukabaki umekunjika kifuani. Akajaribu tena. Hakukuwa na mtu wa kumdanganya pale. Niliona aibu, nikataka kurudi, lakini mbwa walikuwa wameshanibwekea.

"Supa," akanisalimu kwa Kimaasai bila kushangaa. "Umekuja kuangalia kama ni ukweli?"

Nikamuuliza lililokuwa likinikera tangu siku ile. "Kwa nini haukupiga mkeka?"

"Nipige aje? Siku ya kutahiriwa sikupepesa hata jicho, wajomba wakanipa ng'ombe. Ile nyekundu pale. Sasa nilie juu ya mchezo?" Akacheka kidogo. "Nilikuwa nangoja uachilie. Mwenye kushika ndiye anajua."

"Na mimi nilikuwa nangoja upige."

Kisha akaninyooshea mkono wa kushoto, ule mzima.

"Shika. Nionyeshe mahali ungeachilia."

Nilitaka kukataa. Mkono mmoja uliombakia, na ananipa mimi! Nikaushika kwenye kifundo, nikaubana kwapani, nikaanza kuuvuta polepole. Hakupepesa jicho. Mikono yangu ikasimama yenyewe mahali pa kuachilia, bila kupatafuta.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Na siku ile, ulijua umefika hapa?"

Ng'ombe mwekundu alikuwa akitutazama huku akicheua. Ningeweza kusema mambo yalikwenda mbio, kama nilivyowaambia kocha, mama na wenzetu wote wa klabu.

"Nilijua," nikasema.

Akautoa mkono wake taratibu, akarudi kwenye matawi yake.