Alama ya Kumi na Sita

Umma wote unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba lile suala zito la kufungua shule au kuziacha zimefungwa, lililowatoa jasho madaktari, likawakausha koo wanasiasa na kuvunja ndoa mbili tatu zilizokuwa na nyufa tangu zamani, hatimaye limekabidhiwa kwa mtu mmoja mwenye uwezo. Mtu huyo, wakati anakabidhiwa, alikuwa amepiga magoti ndani ya choo cha wavulana, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anatafuta kilichoziba.

Kilikuwa daftari la hesabu. Lilikuwa humo tangu siku shule ilipofungwa, miezi saba nyuma. Bila shaka kuna mwanafunzi aliyeipokea habari ile kwa moyo mkunjufu.

Mwenyewe watu walimwita Mama Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo lililoning'inia kiunoni pake na kumtangulia kwa kelele popote aendapo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa shule ile: kufagia, kugonga kengele, kupigilia misumari madawati, kufuta makamasi ya watoto ambao sasa walimletea makamasi ya watoto wao. Barua ya ajira ilisema "na kazi nyinginezo". Hizo nyinginezo ndizo zilizomzeesha.

"Mama, ukimaliza hapo, nawa mikono uje ofisini," Mwalimu Mkuu alimwambia akiwa amesimama mlangoni, pua kaibana kwa vidole juu ya barakoa, kana kwamba kinga moja haitoshi.

Ofisini kulikuwa na fomu. Wakubwa wa elimu walikuwa wameamua kwamba shule inaweza kufunguliwa, watoto warudi kukaa darasani mbele ya mwalimu badala ya kufundishwa kwa redio na simu, lakini kwa sharti. Kila mtoto akae mbali na mwenzake mita moja, kila upande. Chumba kisichoweza kubeba watoto kumi na sita kwa mpango huo kimeshindwa. Na shule yenye chumba hata kimoja kilichoshindwa itabaki imefungwa mpaka mwaka ujao.

Vyumba vyote vya shule ile vilikuwa vipana, isipokuwa darasa la pili. Darasa la pili lilikuwa stoo zamani, likapigwa rangi na kupewa ubao. Watoto hamsini na wawili walisomea humo kabla ya ugonjwa, na mwalimu wao alikuwa akipita katikati yao kwa ubavu.

Chini ya fomu palikuwa na mstari: jina na saini ya aliyepima. Mstari huo ndio uliokuwa na sumu. Mtoto akiumwa, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye saini. Mwalimu Mkuu aliisoma, akasema macho yake siku hizi hayamsaidii. Msaidizi wake akakumbuka kwamba yuko likizo, ingawa alikuwa amekaa pale pale anakunywa chai. Karatasi ikashuka ngazi za vyeo mbio mbio kama mtu aliyebanwa na tumbo, mpaka ikafika mahali ambapo haikuwa na mtu mwingine wa kumshukia.

"Tepu ya kupimia si unayo wewe?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ninayo."

"Basi. Umeona?"

Mama Funguo akachukua tepu na chaki, akaingia darasa la pili peke yake. Akawa anapima, anachora alama ya msalaba sakafuni mahali dawati litakapokaa, anasogea. Misalaba kumi na tano ilienea bila matata. Ikabaki kona moja, kati ya mlango na ukuta. Akavuta tepu kutoka alama ya kumi na tano. Mita moja na vidole viwili: mtoto wa kumi na sita anaenea.

Akapima tena. Mita moja, vidole viwili.

Mara ya tatu alivuta pumzi akaizuia, kana kwamba chumba nacho kingejikunja kidogo kwa kumwonea huruma. Hakikujikunja.

Mtu asiyemjua angedhani mama huyu hataki tu usumbufu wa kurudi kufagia. Nyumbani kwake, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, aliishi na mume wake na mjukuu wao wa kike wa miaka saba. Mume alikuwa amefanya kazi kwenye kinu cha unga kwa miaka thelathini, na kinu kilimlipa kwa kumjazia mapafu. Akitoka kitandani kwenda mlangoni alipiga mluzi kifuani kama birika lililosahaulika jikoni. Daktari alikuwa amemweleza Mama Funguo pembeni, bila kupepesa macho: huyu, ugonjwa huu ukimpata, usitegemee atavuka wiki. Kwa miezi saba hakuna mgeni aliyekanyaga nyumba ile. Yeye mwenyewe alivua viatu nje, akaoga kabla hajasalimia.

Na mjukuu alikuwa wa darasa la pili. Shule ikifunguliwa, atakuwa anarudi kila siku na pumzi za watoto wengine, kisha anamrukia babu yake mapajani.

Akatazama msalaba wa kwanza, ule wa karibu na ubao. Ukiufuta na kuusogeza upana wa kiganja, yote inayofuata inasogea, na wa kumi na sita unaangukia nje, koridoni. Hakuna mtu duniani angejua. Alisimama na kitambaa mkononi kwa muda mrefu. Kisha akakitia mfukoni, akafunga mlango kwa ufunguo, fomu ikiwa bado tupu.

Mkutano wa wazazi ulipangwa Jumamosi. Kabla ya hapo wenye haja naye wakaanza kumfuata.

Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, muuza magodoro, baba wa mapacha wa kiume wa darasa la pili. Kwa miezi saba mapacha walikuwa wameshinda dukani, na hakukuwa na godoro ambalo hawakuwa wamelirukia. Alimkuta Mama Funguo uani anachoma takataka.

"Dada yangu, nasikia umepata kumi na ngapi sijui."

"Bado sijaandika."

"Vizuri. Maana kumi na sita ni watoto watakuja kwa zamu, siku moja wako shule, siku tatu wako kwangu. Hiyo si shule, hiyo ni kututania. Sasa nimefikiria. Hii mita, unaipima kutoka wapi?"

"Kutoka mtoto mpaka mtoto."

"Mtoto ana sehemu nyingi! Pima kutoka pua mpaka pua. Huyu aangalie ukutani, huyu aangalie dirishani. Wakipeana visogo wanaenea arobaini, na hakuna anayempumulia mwenzake."

"Na mwalimu watamwangalia kwa visogo?"

"Mwalimu si watamsikia tu?" Akashusha sauti. "Dada, mimi nakuomba kama mzazi. Wale watoto wananimaliza. Jana wamemuuzia mama yao godoro lake mwenyewe."

Hata hakutabasamu. Alikuwa amekonda kweli, na macho yalimwiva kwa kukosa usingizi.

Alipoondoka, hazikupita dakika kumi akaingia Mwalimu wa Darasa la Pili, msichana wa watu, ana mtoto mchanga wa miezi mitatu nyumbani. Hakukaa. Alizungumza huku anaangalia lango.

"Mama, nimechungulia dirishani. Nimehesabu alama. Ni kumi na tano."

"Kumi na tano ndizo nilizochora."

"Ile kona ya mlangoni haifai, mama. Mlango ukifunguliwa unampiga mtoto. Andika kumi na tano. Naomba. Mimi ndiye nitakayesimama mle ndani kutwa nzima, halafu nirudi nyumbani ninyonyeshe." Akalitazama tena lango. "Na wewe una mzee kule. Mimi na wewe tuko mtumbwi mmoja, tusidanganyane."

Mama Funguo aliendelea kuchokonoa majivu. Kilichomuuma ni kwamba binti alikuwa akimwomba kitu ambacho yeye mwenyewe tayari alikuwa anakitaka, na kukitaka peke yako ni afadhali kuliko kukitaka pamoja na mtu.

Jioni ile, baada ya kula, alimweleza mume wake yote. Mjukuu alikuwa ukumbini, anaufundisha ukuta kusoma. Kila aliposhindwa na neno aliupa ukuta adhabu.

"Kwa hiyo roho yangu iko kwenye vidole viwili," mzee alisema.

"Usiongee hivyo."

"Niongeeje? Nimekula unga kwa pua miaka thelathini, nikifa nao bado wanaweza kunikanda mkate." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hadi magotini. Mama Funguo alimshika mgongo mpaka mluzi ulipotulia. Ilichukua muda. Ukumbini mtoto alinyamaza kusikiliza, kisha akaendelea.

"Umeisikia hiyo?" mzee akauliza, akionesha ukumbini kwa kidevu.

"Anasoma."

"Hasomi. Anasema aliyoyakariri. Ukurasa ule ule tangu shule zifungwe. Nimemfungulia mwingine jana, hajaweza hata mstari." Akafuta mdomo. "Umepima ngapi, mke wangu? Usiniambie unayotaka. Niambie ulizopima."

Mama Funguo alianza kutoa vyombo.

Jumamosi kamati ikakutana ndani ya darasa la pili lenyewe, kwa sababu Mwenyekiti alitaka watu wajionee kwa macho. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alivuta kiti chake mbali na mwenzake kadiri alivyoweza, wawili wakagombea dirisha, na mmoja akaamua kushiriki akiwa nje, kichwa tu ndani, kama mbuzi wa jirani. Baada ya kujipanga hivyo kwa usalama wao, wakaanza kujadili namna ya kuingiza humo watoto arobaini.

"Kwanza tukubaliane mita ni nini," Mwenyekiti alifungua mjadala.

Wakakaa saa nzima kwenye hilo. Mjumbe wa dirishani alisema mtoto ni mdogo, kwa hiyo na mita yake inapaswa kuwa ndogo. Wa nje alisema ugonjwa hausomi fomu. Mwalimu Mkuu aliandika mihtasari, kwa sababu anayeandika haulizwi. Mwalimu wa Darasa la Pili akainuka.

"Nyie mnataka watoto watoke majumbani mwenu. Semeni hivyo. Msiseme elimu."

"Na wewe unataka mshahara wa kukaa kitandani!" Mwenyekiti akafoka.

"Baba mapacha, uje uwashike hao watoto wako siku moja!"

"Si ndicho ninachofanya miezi saba!"

Viti vikasukumwa. Watu walisimama wote, barakoa zimeshuka videvuni, wanatemeana mate kwa jina la afya. Katikati ya kelele, Mwenyekiti akamgeukia Mama Funguo aliyesimama mlangoni.

"Mpimaji ni huyu! Mama, chumba kinabeba wangapi?"

Mwalimu alimkazia macho, midomo ikitamka bila sauti: kumi na tano.

Mama Funguo alitoa tepu mfukoni. Akampa Mwenyekiti ncha moja.

"Shika hapo, kwenye msalaba wa mwisho. Usivute."

Akarudi kinyumenyume kuelekea kona, tepu ikifunguka kwa mlio mwembamba uliofanana mno na kifua anachokijua. Akachuchumaa. Hakuna aliyekohoa. Aliweka kidole gumba kwenye mita moja, akatazama kilichobaki mpaka kwenye alama aliyoikusudia, pale ambapo mlango ukifunguka wote haugusi dawati. Hilo alikuwa amelipima pia, mara nne. Kwa muda aliweza kabisa kukisogeza kile kidole. Mgongo wake ulikuwa umewakinga watu wote wasione.

Akachukua chaki. Akachora msalaba.

"Kumi na sita," alisema.

Mwalimu akakaa chini, akafunika uso. Mwenyekiti aliitupa ncha ya tepu, ikarudi mbio sakafuni.

"Kumi na sita ndiyo nini? Pima pua!"

"Nimepima chumba."

Akaiendea meza ya Mwalimu Mkuu, akajaza namba, akaweka saini kubwa ya mtu aliyezoea kusaini mara moja kwa mwezi. Kisha akainama kwa Mwalimu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba madirisha yote atayafungua yeye kabla ya kengele, na dawati la mjukuu wake litakuwa hili la mlangoni, lenye upepo. Binti alitikisa kichwa kukubali, hakuinua uso.

"Na mzee?" akauliza ndani ya viganja.

"Tutamhamishia chumba cha nyuma," Mama Funguo alisema. "Mtoto atakuwa anamsalimia dirishani."

Akairudisha tepu mfukoni.

Ndipo Mwalimu Mkuu, alipohakikisha saini imekauka na si yake, akapata sauti. Akasimama, akarekebisha koti, akaiweka kalamu tayari juu ya mihtasari.

"Mama, siku ya leo ni ya kihistoria. Pande mbili zimevutana, na wewe umeamua. Vizazi vitataka kujua ulisimama wapi. Niandike ulikuwa upande wa kufungua, au wa kufunga?"

"Andika kumi na sita," alisema Mama Funguo. "Halafu inueni viti, nataka kupiga deki."