Nuala na Madirisha ya Fintan

Nuala Geraghty alizaliwa na hasira zake, na Dublin haikuwahi kumnyima sababu ya kuzitumia. Aliingia kazini katika hoteli moja ya matofali akiwa msichana, akapanda kutoka kuosha sufuria mpaka kuwa mkuu wa vyumba, na miaka yote hiyo hakupita mlango wa mbele hata mara moja. Mlango ule mwekundu, wenye nguzo mbili na kioo cha nusu duara juu yake, ulikuwa wa wageni. Wafanyakazi walishuka ngazi za pembeni, nyuma ya uzio wa vyuma vyeusi, wakaingia chini ya ardhi kama magunia ya viazi.

Nyumba ilijengwa hivyo zama za wale wafalme wa Kiingereza walioitwa Joji wote, utadhani majina yaliwaishia: uzuri juu, jasho chini. Wenyewe wamekwisha kuoza, lakini desturi yao imebaki, eti ndiyo heshima ya nyumba. Heshima gani hiyo? Nuala alikuwa akiuliza hivyo kila asubuhi, halafu anashuka.

Aliyefungua mlango mwekundu alikuwa Fintan Mulhall, bawabu, mtu asiye na mke wala mtoto. Akimaliza kuwafungulia wengine, naye alishuka ngazi zile zile. Ndiye aliyemfundisha Nuala kufunga mbao za madirisha, zile zinazokunjwa na kujificha ndani ya ukuta, ukizivuta zinakutana katikati.

"Taratibu, binti," alikuwa akimwambia. "Nyumba hii ina umri mkubwa kuliko bibi yako, tena ina adabu kukushinda."

"Adabu yake ningeiona kama ingetupitisha mbele, mzee wangu!"

Fintan akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho hicho ndicho kilichomwua majira ya baridi.

Sasa, pale Dublin, gari la maiti husimama kidogo mbele ya nyumba alikoishi marehemu au alikofanya kazi, na nyumba hiyo hufunga madirisha mpaka lipite. Fintan hakuomba kingine kabla ya kufa. "Nyumba inifumbie macho, Nuala. Basi." Nuala akamwahidi.

Asubuhi ya mazishi akaenda kuomba madirisha yafungwe kwa meneja, Bwana Prendiville, kijana wa suti aliyeletwa na wenye hoteli wapya.

"Saa ya chai hiyo, Bi Nuala. Niwatie wageni gizani? Halafu zile mbao hazifungiki. Nimezipaka rangi."

"Umezipaka rangi zikagandana ukutani?"

"Zinapendeza kwenye picha."

"Yesu, Maria na Yosefu! Mtu amefungua mlango wenu mpaka mgongo ukapinda, wewe unaniambia picha?"

"Tutapeleka maua."

"Maua yako kayaweke chumbani kwako!"

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajifanyi muungwana. Nuala akashuka jikoni, akachukua kisu cha kukatia minofu, akapanda mpaka sebule kubwa, pale penye maua ya chokaa darini na wageni wakipaka siagi kwenye mikate yao. Akapiga magoti dirishani, akaanza kukwangua rangi kwenye maungio. Magamba meupe yakaanguka zuliani.

"Kuna tatizo?" akauliza bibi mmoja wa Kimarekani.

"Kuna msiba, mama. Shika kikombe chako, giza linakuja."

Yule bibi akakitua kikombe, akainuka, akavuta ubao wa upande wa pili. Ukalia, ukakataa, kisha ukaja. Wasichana wa vyumba walipousikia mlio ule walielewa, wakapanda na visu vya siagi, wakaenda kukwangua rangi ghorofa za juu.

"Rangi yangu!" Prendiville akapiga kelele. "Mmerukwa na akili nyote?"

Nuala akahamia dirisha lingine. Gari la maiti lilikuwa limeingia barabarani, taratibu. Dirisha la mwisho la sebule lilifungwa gari likiwa linasimama mbele ya nyumba, na vikombe vyote vikatuliwa mezani. Mwanga uliobaki ulikuwa wa ukumbini, kutoka kile kioo cha juu ya mlango.

Nuala akapita chini yake na aproni yake yenye magamba ya rangi, akaufungua mlango mwekundu wazi kabisa. Akasimama pale pale aliposimama Fintan, mkono kwenye kitasa cha shaba, kichwa kimeinama.

"Karibu, Fintan," akasema huku machozi yakimtiririka. "Leo nakufungulia mimi."

Dereva akavua kofia. Gari lilipoondoka, Nuala alibaki kizingitini mpaka likakata kona.

Meneja alimsubiri ukumbini. "Ngazi za wafanyakazi ziko kule pembeni," akamwambia.

"Nazijua," Nuala akasema, akampita. "Shuka wewe."