Niliifungua Barua ya Msiba Kabla ya Mfiwa

Kosa ni langu, shetani nisimsingizie.

Mwaka 2015 nilikuwa fundi kompyuta wa ofisi moja hapa Kasulu. Waifai niliifunga mwenyewe: nywila moja kwa watu wote, imebandikwa nyuma ya mlango. Bosi alinitaka nimpe kila mtu ya kwake, nikawa napiga danadana. Nilijua kuwa mkitumia nywila moja, aliye ndani ya mtandao na mwenye programu ya kunasa mawasiliano huwachungulia wenzake. Na barua pepe yetu ya ofisi haikuwa na ulinzi wowote!

Nilikuwa namchungulia Domitila wa masijala. Nilimtaka, akanikataa kwa adabu, nami nikataka kujua ananicheka na nani. Kumbe hakuwa ananicheka na mtu! Aliandikiana na kaka yake, aliyekuwa akivuka mpaka kutoka Burundi pamoja na mama yao. Waliandika Kirundi, Domitila akidhani ofisini hakuna wa kuelewa. Mimi Muha wa Makere, Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kinanishinda nini?

Jumanne moja niliwahi kazini, nikaingia kwenye barua zake kwa nywila yake niliyokwisha kuinasa. Kulikuwa na moja mpya ya kaka yake, msamaria mmoja kamsaidia kuiandika huko Nduta, kambi ya wakimbizi: "Mama yitavye Imana, ngwino." Mama amefariki, njoo. Na chini yake, kwamba wanazika kesho.

Nikaifunga haraka. Jamani, akili yangu ilikuwa wapi? Barua ikishafunguliwa haioneshi tena kuwa ni mpya, na masijala wanapokea barua nyingi kwa siku!

Domitila akaja, akawasha kompyuta, akaomba sukari ya chai. Alicheka siku nzima. Nikasema moyoni, huyu dada ana moyo wa jiwe, au anaficha mambo ya kwao. Ningemuuliza, ningesema nimejuaje?

Alhamisi nikashindwa. Kwetu mfiwa humpiti bila neno.

"Dada, pole na mama."

Akanitazama. "Mama yangu amefanyaje?"

Nikaitupia jicho kompyuta yake. Akageukia kompyuta, akatafuta, akaiona. "Yoo! Mama weee!" Akaanguka pale pale kwenye mafaili.

Alipofika Nduta alikuta kaburi. Mimi nilifukuzwa kazi, na nilistahili. Alipokuja kuchukua vitu vyake aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaka yangu anaamini nilisoma nikapuuza. Hanisemeshi."

Nimekwenda Nduta mara mbili nikamweleze ukweli. Zote mbili nimeishia getini, nikageuza. Mwoga mkubwa mimi!

Nyie mnaotumia nywila moja ofisini, daini kila mtu apewe yake, na siri zenu msizifungulie humo. Adui si lazima awe nje, anaweza kuwa yule mnayekunywa naye chai.

Na wewe fundi unayechungulia ukisema hujachukua kitu cha mtu, sikia: mimi nilimnyima mwenzangu kumzika mama yake.