Bunduki Isiyo na Nambari

Lowell Trask alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mbao kaskazini mwa Idaho. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha usalama wa uwindaji bila malipo, katika ukumbi wa kituo cha zimamoto cha mji wao. Wawindaji wengi wa mji ule walipita mikononi mwake. Aliwakazia mambo mawili: kidole kisiguse kifyatulio mpaka ujue unapiga nini, na sheria isomwe kabla hujawasha gari. Aliyechelewa dakika tano aliambiwa arudi mwezi ujao. Watu walimheshimu, naye alijua wanamheshimu, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwaka aliotimiza sitini alianza kuunda bunduki yake mwenyewe ya kuwindia kulungu. Kwa sheria za kwao hilo halikuwa kosa; mtu akiunda kwa matumizi yake, haombi leseni wala haipigi nambari ya utambulisho. Ilimchukua majira mawili ya baridi, karakanani nyuma ya nyumba. Kitako alikichonga kwa mti wa jozi uliokuwa umeanguka kwa jirani. Kile chuma cha katikati, kinachoshika mtutu na kupokea risasi, alikikereza mwenyewe na kukisugua kwa mkono siku kumi na moja mpaka kikang'aa kama maji.

Mkewe Noreen aliambiwa kwamba kuunda ni nafuu kuliko kununua. Haikuwa kweli. Mtutu wa kwanza aliutoboa upande akauharibu, akauficha nyuma ya makopo ya rangi na kuagiza wa pili. Ukiongeza vifaa vya kuchongea alivyovitumia mara moja tu, na darubini ya kulengea, bunduki ilikuwa imemgharimu karibu dola elfu mbili. Ya dukani, nzuri tu, angeipata kwa mia nane. Kwa Noreen alitaja mia sita.

Ilipokamilika aliona ni nzuri mno kukaa kabatini, akaamua kumpa binti yake. Darcy alikuwa muuguzi Spokane, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Washington, mwendo wa saa moja na nusu. Aliwinda na baba yake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa anatimiza thelathini.

Lowell alijua sheria ya kumpa mtu wa jimbo jingine. Alikuwa akiifundisha. Silaha lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni, na kule Washington bunduki ya nyumbani isiyo na nambari hairuhusiwi kabisa. Alikwenda hata kwa muuza bunduki kuulizia, akaambiwa nambari itachongwa palepale kwenye kile chuma. Aliwaza herufi za mashine zikikwangua kazi ya mikono yake, akasema atafikiri. Jumapili, Darcy alipokuja kuwatembelea, aliizungushia blanketi na kuiweka kwenye gari lake.

Darcy aliitazama muda mrefu. "Baba, hii haina shida kuvuka nayo?"

"Mwanangu, mimi ndiye ninayefundisha hayo mambo."

Akaamini. Kwa nini asiamini?

Mwezi wa kumi na moja, askari wa wanyamapori alimsimamisha Darcy kando ya barabara ya msituni huko Washington, akakagua kibali chake, kisha akaigeuza bunduki huku na huku akitafuta nambari. Hakuiona. Akaichukua, akamwandikia karatasi, akamtaka afike ofisini Ijumaa kueleza alikoitoa.

Darcy alimpigia baba yake simu saa ya chakula cha mchana. Lowell alitoka nje ya kiwanda, akasimama kati ya magogo, na kabla hajauliza kama binti yake ni mzima alisema, "Waambie uliinunua kwenye maonyesho. Mtu humjui, ulilipa taslimu."

"Unaniambia nidanganye?"

"Nakuambia usiniharibie jina."

Darcy akakata simu. Lowell alirudi kwenye mashine yake, na mchana ule alikosea vipimo mara mbili.

Alhamisi jioni alikuwa na darasa, na somo lilikuwa sheria. Alifikiria kusema anaumwa, akaona aibu hata kwa hilo, akaenda. Loretta Quist, mama wa posta, aliinua mkono. Alikuwa na bunduki ya marehemu mumewe na alitaka kumpa kaka yake aliyeko jimbo la Oregon, afanyeje? Lowell alimweleza yote kwa mpangilio, neno kwa neno. Loretta akaandika kwenye daftari.

"Na anayempa tu hivihivi, mwalimu, anafanywaje?"

"Inategemea," alisema Lowell.

Wakangoja aendelee, kama alivyoendelea siku zote. Uso ulimwaka. Aliwaambia wapumzike dakika kumi, akaingia chooni na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akajitazama kwenye kioo mpaka akashindwa kujitazama. Aliporudi alimaliza somo akisoma kitabuni bila kuinua kichwa.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari hadi Spokane, akafika ofisini saa sita. Darcy alikuwa ameshakuja asubuhi na kuondoka. Afisa aliyempokea, mwanamume mpole mwenye miwani, alimsomea maelezo ya binti yake. Yalikuwa mafupi: bunduki alikuwa nayo yeye, hakuinunua, na kuhusu aliyempa angezungumza mbele ya wakili. Hakuwa amedanganya, wala hakuwa amemtaja.

Lowell alisema, "Mimi ndiye niliyeiunda, na mimi ndiye niliyempa. Aliniuliza kama ni halali, nikamjibu kama mtu anayejua."

Afisa alichapa. Akauliza kazi yake, umri, anwani. Akauliza kama amewahi kupata mafunzo yoyote ya sheria za silaha.

"Nafundisha."

Vidole vya afisa vikasimama. Lowell alitamani atukanwe. Kisha afisa akaendelea kuchapa.

Mambo yaliisha kwa upole kuliko alivyostahili. Darcy alitozwa faini, na bodi ya wauguzi ikamwandikia kutaka maelezo. Kwa miezi miwili alikwenda kazini asijue kama leseni yake itabaki. Ilibaki. Lowell alimlipa wakili zaidi ya gharama yote ya bunduki, naye mwendesha mashtaka akamwachia huru kwa barua ya onyo. Bunduki ilikatwa vipande. Alirudisha cheti cha ualimu, ingawa waliompa walimwandikia kwamba wasingemnyang'anya.

Noreen alielezwa yote jikoni, pamoja na zile dola elfu mbili. Alisikiliza huku akifuta meza.

"Za bunduki nilijua," alisema. "Risiti ulikuwa unaziacha kwenye mfuko wa suruali. La kumwambia mtoto adanganye ndilo sikulijua."

Darcy hakuja Sikukuu ya Shukrani mwezi ule, wala Krismasi. Alikuja mwezi wa nne, akamsaidia mama yake kumenya viazi. Noreen akatoka kwenda kwa kuku, na huenda alitoka makusudi. Lowell alibaki mlangoni na kofia yake mkononi.

"Nilijali jina langu kuliko kazi yako," alisema. "Hata kama u mzima sikukuuliza."

Darcy aliendelea kumenya. "Najua, baba. Nilingoja uulize." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Sijakasirika tena sana. Ila siku hizi ukiniambia kitu, naenda kukihakikisha."

Lowell alitikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti cha pili, akachukua kisu, na wakamenya pamoja viazi vilivyobaki.