Kibao cha Pande Mbili

Mchora vibao wa mtaa ule wa chuo ana vidole vya rangi saba na mdomo usiojua kubembeleza. Duka jipya likifunguliwa huliandikia kibao cha "Karibuni", kikikauka hukigeuza, na nyuma huandika kabisa "Tumehama".

"Mzee, unanitakia mkosi!" kinyozi mpya alifoka.

"Nakupunguzia safari ya kurudi kwangu, mwanangu. Kabla yako hapa paliuzwa viatu, kabla ya viatu keki, na wote walikuja na cheko kama ulilokuja nalo."

Juzi wajenzi wa hosteli ya ghorofa wakampa siku tatu aondoe kibanda chake. Akapanda kigoda, akakigeuza kibao chake mwenyewe. Miaka yote hiyo, nyuma hakujiandikia hata nukta. Akachovya brashi, akakuna kichwa, kisha akaandika kwa herufi nene: "Karibuni".